Hodi Kwenye Tumbo la Gitaa

Siku Mama alipotia mafuta ya taa ndani ya chupa yake ya soda, akaiziba kwa kipande cha gunzi na kuisukuma chini ya meza ya jikoni, nilijua kwamba kwetu muziki umekwisha. Mama hakuwa mtu wa kutangaza mambo. Alikuwa akiamua kitu, na wewe ungekuja kugundua baadaye kwa kujikwaa.

Ile chupa haikuwa chupa ya mafuta. Ilikuwa ya mbavumbavu, ile aina ambayo kijiko kikipita juu yake inakwaruza na kikiigonga inalia kama kengele. Kwa watu wa pande zetu, Busia na Matayos na kupanda hadi Malaba, gitaa bila chupa ni uji bila chumvi. Mpiga gitaa anaweza kuzunguka atakavyo, kupamba hapa, kuteleza pale, lakini chupa inabaki pale pale inashika mwendo, na mwenye chupa akikosea, wote wameanguka. Mwenye chupa wa Baba alikuwa Mama.

Walikutana hivyo. Baba alikuwa kijana, ameitwa kupiga kwenye harusi huko Angurai, na mwenzake wa chupa alikuwa amekaa karibu mno na mtungi wa busaa. Kufikia mchana chupa nayo ilikuwa imelewa. Watu walianza kuzomea. Msichana mmoja aliyekuwa akipita na sinia ya nyama aliiweka sinia chini, akamnyang'anya yule mlevi chupa na kijiko, akagonga. "Aligonga kama mtu anapigilia misumari ya jeneza," Baba alipenda kusema. "Mimi nikajua, huyu nikimwacha aende, nitapotea mwendo maisha yangu yote."

"Anaongeza chumvi," Mama alikuwa akijibu kutoka jikoni. Lakini hakuwahi kutuambia ni sehemu gani iliyoongezwa.

Kwetu bibi arusi haingii bomani hivi hivi. Anasimama langoni na watu wake, anainamisha uso, na anaweza kusimama mpaka jua lizame kama mwenye boma hajamwita. Wengine huita kwa mbuzi, wengine kwa leso, wengine kwa maneno matamu ya shangazi. Baba alipomleta Mama, alimwita kwa wimbo alioutunga mwenyewe. Ulikuwa wimbo mfupi tu, wa kumwambia aje, kiti kimefutwa vumbi, moto umewashwa, na ile chupa yake inamngoja mezani. Tulikua tukiusikia. Kila Jumapili jioni, kabla ya chakula, Baba akipiga, Mama akigonga, na sisi watoto tukicheza mpaka tunakanyaga kuku. Na kila mara Baba alimwekea kaka yangu, kifungua mimba wake, ahadi ile ile: "Wewe siku utaleta mke hapa, mimi ndio nitamwita. Mimi mwenyewe. Sikodi mtu."

Halafu Malaba ikamla Baba mkono.

Alikuwa taniboi wa lori. Malori yalipanga foleni pale mpakani, yakingoja kuvuka kwenda Uganda, na kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga, kupakia na kupakua. Asubuhi moja ule ubao mzito wa nyuma wa lori ulichomoka pini na kuangukia mkono wake wa kushoto. Hospitali ilimrudisha nyumbani na dole gumba na kidole cha mwisho. Vile vya kati vilibaki huko. Majirani walipokuja kumpa pole, aliwainulia ule mkono uliofungwa bendeji, akasema, "Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini viwili vinaweza kujaribu." Walicheka wakaondoka wamefarijika. Mimi niliyelala chumba cha pili nilijua kwamba mtu huyo hacheki tena wageni wakishaondoka.

Akarudi kwenye pamba na muhogo. Gitaa likatundikwa ukutani kwa kamba, tumbo likitazama ukuta. Na Mama ndipo alipotafuta mafuta ya taa. Shangazi mmoja alipomuuliza chupa ya muziki iko wapi, alijibu, "Maji yakimwagika hayazoleki," akaendelea kuchambua mboga.

Lakini mkono wa kulia wa Baba haukuambiwa. Redio ya jirani ikianza rumba, ule mkono ulianza kutembea wenyewe juu ya paja lake, chini, chini, juu, chini, juu, huku yeye akizungumza habari za mbegu au mvua. Nilikuwa siwezi kuutazama. Nilikuwa msichana wa hasira za karibu, na huruma ikinishika mimi inageuka hasira. Nilikuwa natamani kuushika ule mkono niuambie utulie.

Mambo yangebaki hivyo kama kaka asingechumbia. Msichana wake alitoka Angurai, kana kwamba Angurai ndiko tulikoandikiwa. Harusi ikapangwa baada ya kuvuna pamba. Jioni moja kaka akaja kwa adabu zake zote, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema kwamba ameongea na mtu wa Busia mwenye gramafoni na betri ya gari na kipaza sauti, na kwamba huyo mtu ataleta santuri zote zinazovuma. Kwamba Baba asisumbuke.

Baba alisema, "Sawa."

Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akasimama akitazama mihogo.

Hiyo "sawa" ndiyo iliyonifundisha gitaa. Kama angefoka, ningelala usingizi wangu. Nilimkasirikia kaka, nikalikasirikia lori, nikamkasirikia hata yule bibi arusi ambaye hakuwa amenikosea lolote ila kupendeza. Asubuhi nilipanda kiti, nikalishusha gitaa, nikapangusa tandabui. Nilikuwa nimeamua kwamba wimbo ule utapigwa langoni, na kama hakuna mwingine wa kuupiga, basi ni mimi.

Kuamua ni jambo moja. Mtu ambaye hajawahi kubana nyuzi za gitaa hajui jinsi waya unavyoweza kumchukia binadamu. Nilikaa nyuma ya ghala nikabana. Nyuzi zikaniingia kwenye ncha za vidole, na mlio uliotoka ulikuwa wa bati linalokwaruzwa na paka. Nikabana zaidi. Kidole kimoja kikikaa mahali pake, jirani yake anaanguka. Nikimwinua huyo, wa kwanza ametoroka. Na hapo bado mkono wa kulia haujaulizwa maoni yake. Nilipouambia nao ucharaze, wa kushoto ulisahau kila kitu. Mikono yangu miwili, iliyokuwa ikisuka nywele na kukamua ng'ombe pamoja bila ugomvi tangu utotoni, sasa ilikuwa kama wake wenza.

Siku hizo nilikuwa nauza nguo Busia mjini, katika duka la mzee mmoja Mwislamu, mpole, mwenye kuvaa kofia safi ya kufuma. Kila asubuhi nilidandia baiskeli ya boda boda na kila jioni nikarudi hivyo hivyo, na njiani nilikuwa nikibana shingo ya gitaa hewani mpaka mwenye baiskeli aniulize kama nina maumivu. Ncha za vidole zilianza kuwa ngumu, kisha zikapasuka. Siku moja namkunjulia mteja kitambaa cha nailoni, mzee wa duka akanishika mkono kwa upole. "Binti, vidole vyako vinavuta nyuzi za nguo. Unalima mawe?" Nikamwambia najifunza gitaa. "Basi shika pamba tu," akasema. "Nailoni niachie mimi." Na tangu siku hiyo nikawa mtu wa khanga na marekani.

Baba alikuwa anajua. Nyumba yetu haikuwa na mahali pa kuficha kikohozi, seuze gitaa. Lakini hakuja. Wiki nzima nzima nilikuwa nikisikia jembe lake linasimama upande wa pili wa ghala nikianza kupiga, na linaendelea nikiacha.

Kisha jioni moja, nikiwa nimekaa kwenye benchi refu la nje, nikibana mkao wa kwanza wa vidole sawasawa kwa mara ya kwanza maishani, vidole vyote vimetulia, nilianza kucharaza. Na nikacharaza vibaya. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unapangusa nyuzi kama mtu anayefukuza nzi. Nikasikia jembe linaanguka. Baba akaja, akakaa upande wangu wa kulia, karibu kabisa, uso wake umekunjamana kama wa mtu anayeumwa jino.

"Wacha, mama," akasema. Baba zetu huwaita mabinti mama. "Wacha hiyo mkono. Unaua huyu mnyama."

Akavuta tumbo la gitaa likaja magotini mwake. Shingo ikabaki mbele yangu, na vidole vyangu havikuwa vimetoka kwenye nyuzi. Akashusha mkono wake wa kulia.

Chini, chini, juu, chini, juu.

Gitaa likalia. Si mimi niliyelia, si yeye. Lilikuwa gitaa lile la Jumapili, lenyewe, sauti yake ya kifuani, inatoka katikati yetu. Baba aliacha mkono ukiwa hewani. Tulitazamana, kisha tukatazama kwingine, kila mtu upande wake, kwa sababu machozi ya mzazi hayatazamwi.

Baadaye kidogo akasema, "Usitoe vidole. Rudia."

Tangu hapo tukawa mpiga gitaa mmoja. Mimi kushoto, yeye kulia, bega kwa bega, gitaa limelala juu ya mapaja ya watu wawili. Nilikuwa nanusa jasho lake la shambani na yeye, alidai, alikuwa ananusa nguo mpya za dukani.

Hakujua majina ya vitabuni ya mikao ya vidole. Alikuwa na majina yake. Mkao wa kwanza, pale wimbo unapoanzia na kupumzika, aliuita nyumbani. Wa pili ulikuwa sokoni, pale ambapo sauti inafunguka na kuchangamka. Wa tatu ulikuwa mtoni, na mtoni palikuwa na kishindo, palikuwa na kitu kinachokuvuta urudi nyumbani upesi. Wimbo wake wote ulikuwa safari ya hapo hapo: toka nyumbani, nenda sokoni, pitia mtoni, rudi nyumbani. "Ni kazi ya mama yako ya kila siku," aliniambia. "Yeye hapotei. Wewe utapotea aje?"

Nilipotea. Kutoka nyumbani kwenda sokoni nilijifunza haraka, kidole kimoja kilibaki mahali pake na wenzake wakamzunguka. Lakini kutoka sokoni kwenda mtoni ilibidi vidole vyote viinuke kwa pamoja, viruke, vitue kila kimoja juu ya uzi wake, na wakati huo wote mkono wa Baba haungoji, unashuka na kupanda kama mtwangio. Mimi nikiwa bado hewani, yeye ameshafika mtoni, na nyuzi zisizobanwa zinalia ovyo kwa aibu.

"Umechelewa."

"Naona."

"Ukiona, wahi."

"Wewe punguza mbio!"

"Wimbo haiwezi kupunguza mbio, mama. Watu watakaa chini."

Tuligombana sana. Nilikuwa na mdomo, na yeye alikuwa amekaa kimya muda mrefu, akawa na maneno ya akiba. Nilishawahi kuinuka na kumwachia gitaa lote magotini, nikaenda zangu kisimani bila ndoo. Niliporudi alikuwa bado pale, mkono wa kushoto wenye vidole viwili umelala juu ya shingo ya gitaa, unajaribu. Nikakaa. Hakuna aliyeomba msamaha. Akasema tu, "Nyumbani," nami nikabana.

Uzi mmoja ulikatika wiki ile ile. Dukani uzi wa gitaa ulikuwa kitu cha kusikia tu. Nikaenda kwa fundi wa baiskeli pale karibu na mpaka, ambapo boda boda walikuwa wakitengeneza breki zao, nikamwomba kipande cha waya. Alifumua waya wa breki, akanichagulia ule mwembamba kabisa. Baba aliupokea, akaupima kwa jicho. "Waya ya breki," akasema. "Basi hata wimbo ikisimama, tutajua ni nani wa kulaumu."

Na ulisimama kweli, ila si kwa kosa la waya. Siku zilikwenda, pamba ikapasuka mashambani ikawa nyeupe, kaka akalipia gramafoni ile, na mimi bado sikuwa nafika mtoni kwa wakati. Kuchelewa kwangu kulikuwa kidogo, pumzi moja tu. Lakini katika muziki pumzi moja ni shimo, na mcheza ngoma anaanguka humo. Jioni moja nikiwa nimechelewa tena, vidole viko hewani, niliona mkono wa Baba unashuka kama kawaida, nikafumba macho ningoje ule mlio wa aibu. Haukuja. Badala yake nikasikia mbao: ko, ko. Alikuwa amekunja ngumi akabisha kwenye tumbo la gitaa, mara mbili, kama mgeni mlangoni. Kwenye pigo la pili vidole vyangu vikatua. Akacharaza. Mtoni.

Nikafumbua macho. "Nini hiyo?"

"Hodi," akasema. "Kama hujafika, mimi nabisha hodi. Ukifika, tunaingia pamoja."

"Kwa hivyo umepunguza mbio."

"Sijapunguza. Nimesimama kwa mlango. Hiyo ni kitu tofauti."

Tulicheka mpaka kuku wakahama. Na tukaurudia wimbo, na kila tulipofika pale, akabisha, na mimi nikatua, na wimbo haukuanguka shimoni tena. Ulichechemea kidogo tu, kisha ukaendelea na safari yake.

Mama wakati wote huo alikuwa jikoni. Hakutukataza. Alisema mara moja tu kwamba gitaa halijawahi kumpikia mtu ugali, akanikumbusha kuna maharagwe ya kuchagua. Nilidhani moyo wake umefungwa na gunzi kama ile chupa. Lakini kuna jioni tulikuwa tunapiga, na ndani ya jikoni alikuwa anasonga. Nikasikia mwiko unagonga ukingo wa sufuria. Watu wanaosonga ugali hugonga mwiko, hilo si ajabu. Ila huu mwiko uligonga, na ukagonga, na ukagonga tena, na kila mara ulianguka pale pale ambapo chupa ingeanguka. Nikataka kugeuka.

"Usigeuke," Baba akaninong'oneza, midomo haichezi. "Endelea tu. Ukimwangalia ataacha."

Tukafika mlangoni, akabisha. Mwiko nao ukanyamaza, ukangoja. Tukaingia mtoni, ukarudi. Kisha nadhani Mama alijisikia mwenyewe, kwa sababu mwiko ulikoma, halafu sahani zikaanza kupangwa kwa fujo isiyo na mwendo wowote.

Harusi ilifika. Gramafoni ilikuja kutoka Busia juu ya baiskeli mbili, moja imebeba mashine na nyingine betri, na kwa kweli ilipendeza. Siwezi kuisema vibaya. Watu walicheza tangu asubuhi. Kaka alivaa suti iliyomkaba shingoni. Wageni wengine walivuka kutoka upande wa pili wa mpaka, ndugu zetu wa kule, wakaja na ndizi na habari za taabu za kwao walizozisimulia kwa sauti ya chini, kisha nao wakacheza.

Mchana watu wa Angurai wakatokea barabarani na bibi arusi wao katikati. Wakasimama langoni. Akainamisha uso. Mtu wa gramafoni akainua sindano, kwa sababu hata yeye alijua: santuri haimwiti mtu. Haina boma. Kaka akatuma shangazi na leso, ikapokelewa, hakuingia. Watu wakaanza kumtafuta Baba kwa macho.

Baba akatoka ndani na lile benchi refu begani. Akaliweka katikati ya ua, akalipangusa vumbi, akakaa. Mimi nikaja na gitaa. Nilivaa gauni la maua nililoshonewa kwa ajili ya siku hiyo. Nilipokaa kushoto kwake na kushika shingo ya gitaa, nilisikia minong'ono inapita kama upepo kwenye mahindi. Msichana, na gitaa. Watu wawili, gitaa moja. Mwanamume mmoja akacheka kwa sauti. Kaka yangu alikuwa ameshika ncha ya tai yake kwa mikono miwili, na sijui kama alikuwa anaomba Mungu tuanze au tusianze.

"Nyumbani," Baba akasema.

Nikabana. Akacharaza. Akaanza kuimba kwa ile sauti yake, ambayo sisi wenyewe hatukuwa tumeisikia tangu Malaba. *Njoo, kiti kimefutwa vumbi.* Tukaenda sokoni. *Njoo, moto umewashwa.* Wanawake wakaanza kupiga makofi kutusaidia, wengine mbele, wengine nyuma, kila mmoja na saa yake, na nilijua tukifika pale pabaya yatatuzamisha. Hapakuwa na kitu cha kushikilia. Vidole vikainuka. Vikawa hewani. Nikachelewa, nikachelewa kuliko siku zote.

Ko, ko. Baba akabisha. Nikawa bado. Akabisha tena, ko, ko, bila haraka, kama mtu aliyeona moshi jikoni na anajua wenyewe wapo.

Na umati mzima, bila kuambiana, ukaitikia: "Karibuuu!"

Mkenya gani atasikia hodi anyamaze? Walidhani ndivyo wimbo ulivyo. Watu wa Angurai wakaangua kicheko. Vidole vyangu vikatua. Mtoni! Na kutoka mtoni tukarudi nyumbani kwa kishindo, tukaanza tena, na mara ya pili watu walikuwa wameshainama wakingoja hodi yao.

Ndipo nikaisikia chupa.

Ilitoka nyuma yetu, upande wa jikoni, kali, safi, kila pigo mahali pake, na makofi yote yaliyokuwa yakitangatanga yakaja yakajipanga nyuma yake. Harufu ya mafuta ya taa ilifika kabla Mama hajafika. Alisimama nyuma ya bega la Baba, aproni imelowa, chupa mkononi inachuruzika, kijiko cha mchuzi kwenye mkono mwingine. Hakumtazama mtu.

Baba, bila kugeuza kichwa, bila kuacha kucharaza, akasema, "Umechelewa."

"Nilikuwa natafuta pa kumwaga mafuta," Mama akasema.

Tulipofika mlangoni, alisimamisha kijiko hewani, akangoja pamoja nasi. Yeye ambaye hakuwahi kumngoja mtu kwenye mwendo. Ko, ko. Karibu! Kijiko kikashuka. Na pale langoni, bibi arusi akainua uso, akacheka, akaingia.

Miezi iliyofuata vijana wa Matayos walikuwa wakipiga wimbo ule kwenye masoko, na wote walibisha hodi kwenye tumbo la gitaa, wakidhani ni ufundi wa kizamani. Nilimsikia mmoja akimfundisha mwenzake: hapa ni lazima ubishe. Nilitaka kumwambia ukweli kisha nikaona, nimwambie ili iwe nini? Baba aliposimuliwa, alifurahi siku mbili.

Mimi niliendelea kujifunza. Mikono yangu ilikuja kupatana, kama wake wenza wanavyoweza kupatana wakishazeeka, na nikaweza kupiga peke yangu, zile nyimbo za redio, hata za haraka. Lakini wimbo ule hatukuupiga hivyo. Nikiuanza tu, Baba alikuwa anaacha alichoshika, anakuja kukaa upande wangu wa kulia, anavuta tumbo la gitaa. Nilikuwa nafika mtoni mapema sasa, vidole vimetua vinamngoja yeye. Hakujali. Alibisha vile vile, na Mama akasimamisha kijiko vile vile.

Kabla miaka ya sabini haijaisha Baba alishikwa na homa, tukadhani ni ile ya kawaida. Tulimzika nyuma ya nyumba, upande wa mihogo.

Waombolezaji walipokwisha kwenda, ile nyumba ilikuwa kubwa. Jumapili moja jioni, kabla ya chakula, Mama alitoka jikoni na chupa yake, akakaa kwenye benchi refu, akaniambia, "Leta hiyo kitu."

Nikalileta. Nikakaa, gitaa lote kwenye mapaja yangu, zito kuliko nilivyolijua. Nilitaka kumpigia vizuri. Kuliko vizuri. Nilitaka asikie kwamba kazi ya yule mzee haikupotea, kwamba binti yake sasa anaweza kila kitu. Akagonga, nikaingia. Nyumbani, sokoni, mkono wa kulia unatembea kama wake, chini, chini, juu, chini, juu. Vidole vikainuka vyote kwa pamoja, vikaruka, vikatua, na nikaingia mtoni moja kwa moja, kwa wakati, bila hata unyoya wa pengo. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kuupiga ule wimbo bila kosa.

Chupa ilikuwa imenyamaza.

Nikamtazama. Kijiko kilikuwa hewani, pale pale alipozoea kukisimamisha, na hakikushuka. Mama, ambaye hakuwahi kupoteza mwendo, alikuwa ameachwa nyuma.

"Mbona umepita bila kubisha?" akasema. Sauti yake haikuwa ya kulaumu. "Baba yako hajaingia."

Nikarudisha vidole nyumbani, nikaanza upya. Nilipofika pale, vidole vyangu vikiwa vimeshatua, nilikunja ngumi nikabisha kwenye tumbo la gitaa, ko, ko, na sote wawili tukangoja.